Skrubu Juu ya Ufizi

Kama umetumwa kwenye lile benchi la mbao nje ya kliniki ya meno, na umekaa mwisho kabisa karibu na ukuta, mkono juu ya mdomo ukijifanya unapiga miayo, basi nakujua. Mahali hapo palikuwa pangu. Kwenye ukuta kuna alama ya mafuta ya nywele. Nusu ya alama hiyo ni yangu.

Sitakueleza mambo ya kidaktari. Mengine siyajui, na mengine niliyoambiwa sikuyasikia kwa sababu wakati huo nilikuwa nasikia aibu tu. Nitakuambia yale ambayo ningetaka mtu aniambie.

Meno yangu ya juu ya mbele yalitoka nje. Si kidogo. Yalifika mahali kabla yangu. Midomo haikufungika hata nikiilazimisha, na nikiilazimisha kidevu kinakunjamana kama cha mtu anayetaka kulia, kwa hivyo niliacha. Nililala mdomo wazi na kuamka ulimi umekauka kama kipande cha gunia. Kambi Muru kwetu, hapo Kibera, vijana wa dukani walikuwa wananiita wakiwa na chupa mkononi: "Adhis, niaje, si utufungulie soda." Shuleni niliitwa Jembe. Mwalimu akiniita nisome, nilikuwa nakohoa mpaka anamwita mwingine.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa uzi. Mama ni fundi wa nguo, cherehani yake iko barazani mlangoni petu, na kazi yangu tangu nikiwa mdogo ni kumalizia vifungo na mapindo. Fundi hakati uzi kwa makasi. Anainamisha kichwa, anauma, kwisha. Mimi meno yangu ya juu na ya chini yalikuwa hayajuani. Nilikuwa nauma hewa. Kwa hivyo kila mara nilimwomba Mama makasi, naye alinipa bila kuniangalia.

Meno ya nyuma nayo yalikuwa yamebaki machache. Nilipokuwa mdogo jino likiuma lilikuwa linatolewa, hakukuwa na habari ya kuziba. Mama alinishika mkono akanipeleka mwenyewe, akanirudisha na pamba mdomoni, na njiani akaninunulia soda ili ninyamaze. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba siku moja yangehitajika.

Mwaka ule baada ya mvua ya El Nino, walikuja shuleni watu wa kuangalia meno. Tulipanga laini. Wengine waliangaliwa na kupita. Mimi daktari, mama mmoja mwenye miwani, alinisimamisha kando, akaniambia nije hospitalini na mzazi. Wasichana waliokuwa nyuma yangu walisikia. Mmoja akasema, hata serikali imeliona Jembe.

Nilikwenda na Mama. Daktari alieleza kwamba kwa kawaida wanafunga waya, halafu meno ya mbele yanavutwa nyuma yakiwa yameshikiliwa na ya nyuma. Yangu ya nyuma hayakutosha. Tukivuta, akasema, hayo machache ndiyo yatakayokuja mbele. Ni kama mtu aliyekwama kwenye matope kumvuta mwenzake aliyekwama. Nafasi ya kuyarudisha ipo, tatizo ni pa kushikilia. Lakini kulikuwa na daktari mgeni aliyewaletea njia mpya: skrubu ndogo inaingizwa kwenye mfupa wenyewe, juu ya ufizi, inakuwa kigingi, na springi inavuta kutoka hapo.

Mama akauliza, "Skrubu kama ya cherehani?"

"Ndogo kuliko hiyo," daktari akasema.

Niliona Mama anaangalia sakafu, na nikajua anakumbuka ile pamba na ile soda.

Jiandae kwa picha. Hili sikuambiwa. Kabla hawajakugusa wanakupiga picha, si zile za studio. Wanakupa ndoano mbili za plastiki uivute midomo yako mwenyewe, huku na huku, hadi ufizi wote unaonekana, na wanafunzi wa udaktari wamesimama wakitazama. Mmoja anashika kioo, mwingine kamera. Wanataja namba za meno. Nilijiona kama mbuzi wa sokoni anayefunuliwa midomo ijulikane ana umri gani. Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka, kicheko nilikuwa nimekizoea. Walikuwa wanaandika.

Skrubu yenyewe haikuuma sana. Kuna sindano ya ganzi, halafu unasikia tu mtu anasukuma na kuzungusha, sauti iko ndani ya kichwa. Kilichobaki ni ladha ya chuma na harufu ya glavu. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi inayokaa mifupani, na ganzi ilipoisha nilihisi kama upepo wote wa Kibera unapitia tundu hilo moja.

Jioni Baba aliomba kuiona. Baba ni fundi wa mjengo. Alichukua tochi, akainua mdomo wangu kwa kidole kinachonuka simiti, akatazama muda mrefu.

"Hawakuweka rolplagi?" akauliza.

Mama akamwambia huo si ukuta.

"Ndiyo nasema. Hata ukutani, skrubu bila ile plastiki ya rolplagi haishiki." Akazima tochi. Tangu mwanzo hakutaka. Alikuwa anasema meno yenyewe yang'olewe maneno yaishe, kwani mama yake mzazi hana meno ya chini ya mbele na amekula miaka yote hiyo, hajafa njaa. Kwa wiki nyingi nyumbani kwetu watu walikuwa wanaongea kupitia kwangu. Mwambie baba yako chakula kiko tayari. Mwambie mama yako nimesikia.

Basi, ilitoka kama Baba alivyosema.

Ilitokea Gatina, kule Kawangware, kwa huyo mama yake Baba, ambaye sisi tunamwita Dani. Alikuja Nairobi zamani akimfuata babu aliyekuwa anafanya kazi ya reli. Babu akafa, yeye akabaki. Ijumaa akina mama wa kanisa lake hukutana chumbani kwake kuomba, halafu wanakula. Mama nami tulikuwa tumemtembelea. Ufizi wangu ulikuwa umevimba kwa siku kadhaa, lakini sikumwambia mtu, maana kumwambia mtu ni kufungua mdomo. Nikatia tonge la ugali, nikasikia kitu kigumu. Nikadhani ni changarawe. Nikakitoa kwa vidole, na kabla sijakificha kikaanguka kwenye sahani ya bati, kikalia.

Wote waligeuka. Skrubu ilikuwa imelala kando ya dagaa wa omena, na imeshika damu kidogo.

Ukumbuke miaka ile ilikuwa vipi. Kila kitu ambacho watu hawakukielewa kilikuwa cha wale wanaoabudu shetani. Shule zilisemwa, magari yalisemwa, hata watu waliovaa pete fulani walisemwa. Mama Ruth, aliyekuwa kama kiongozi wao, alisimama polepole akasema, "Chuma kimetoka kwa mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Aliogopa. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kwenye mataya, pale pale palipovimba, wakaomba kwa sauti chuma chochote kilichobaki kitoke. Nililia, na wao wakaona kwamba kinatoka, wakaongeza. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango na bakuli mkononi. Hakusema kitu. Dani alikuwa ameketi kitandani, mkono juu ya mdomo kama kawaida yake.

Tulirudi Kibera kwa miguu. Tulipofika karibu, Mama akasema, "Ningewaambia nini, Adhis? Hata mimi sijui vizuri ni kitu gani." Halafu akaanza kutembea haraka, nikamwacha atangulie.

Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika Kambi Muru kabla ya ibada. Msichana tuliyekuwa tunakaa dawati moja aliomba ahamishwe. Hakuniambia kwa nini. Aliniachia rula yangu vizuri tu, akaenda.

Kliniki, daktari aliangalia lile tundu akasema ufizi ulikuwa umeoza kidogo kwa sababu haukusafishwa, na mfupa ukaachilia. Ni kweli, nilikuwa naogopa kuigusa skrubu, hata brashi niliipitisha mbali. Wewe usiogope. Tafuta brashi ya mtoto, laini, uizungushie pale kila baada ya kula hata kama inatoa damu, halafu maji ya chumvi vuguvugu. Na ulimi wako uutie adabu, usiuache uichezee skrubu.

Akasema wataingiza nyingine, juu kidogo ya pale, kidonda kikipona. Kisha akaniangalia mimi, si Mama.

"Sitakudanganya, Adhiambo. Hii ya pili ikikataa, sina pengine pa kuweka. Tutang'oa hayo manne ya mbele, tukutengenezee ya bandia."

Nyumbani Mama alipomweleza Baba, Baba alisema si afadhali hivyo tangu mwanzo. Mama akaacha kushona katikati ya pindo, akaingia ndani, akafunga mlango. Mchana kweupe, wakati kwetu mlango haufungwi.

Kidonda kilipona Desemba. Siku ya skrubu ya pili ilikuwa Januari, wakati wa sare za shule, na Mama alikuwa na nguo za watoto wa mtaa mzima. Ningesema alikuwa na kazi, lakini nadhani pia hangeweza. Asubuhi hiyo nilipokuwa navaa viatu nikamwona Dani mlangoni na gauni lake la kanisani, kibeti kwapani. Alikuwa ametoka Gatina alfajiri. Akasema, "Twende, nyathina." Hivyo ndivyo anavyotuita wajukuu wote, mtoto wangu.

Mama alinyanyua uso kwenye cherehani. Hawakuwa wameongea tangu ile Ijumaa. Akainuka akamfuta Dani matope kwenye pindo la gauni kwa kitambaa cha sare, akarudi kukaa.

Kwenye benchi tulikaa wawili, mikono miwili juu ya midomo miwili. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba Dani anafunika mdomo kwa heshima, kama wazee wafanyavyo. Siku hiyo, nikiwaona watu wakitutazama sisi wawili, nilisogea kidogo ili asionekane ni wangu. Mtu akaja akakaa katikati, na sikurudi.

Ndani walianza tena na picha. Nilivuta midomo kwa zile ndoano. Dani alikuwa amesimama pembeni na akauliza mbona mtoto anavutwa namna hiyo. Mwanafunzi mmoja, kijana mpole, akamgeukia amweleze, na Dani alipokuwa anajibu mkono ukateleza, yule kijana akaona ufizi wa chini ulio wazi kutoka upande hadi upande.

"Shosho, hata wewe tunaweza kukusaidia," akasema. "Haya ya mbele uliyapoteza kwa ugonjwa wa fizi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Dani alirudisha mkono mdomoni. Halafu, sijui aliwaza nini, akaushusha kabisa, akaushikisha kibeti.

"Sikuyapoteza. Yalitolewa. Sita. Kwetu iliitwa nak. Nilikuwa umri wa huyu. Msichana aliyekuwa na meno ya chini alichekwa mtoni, aliulizwa kama atakula watu. Mimi nilichekwa. Kwa hivyo nililala chini, wakanishika kichwa, akaja mzee na chuma. Sikulia. Nilirudi nyumbani uso umevimba hivi, na nilijiona mrembo sana."

Kijana alikuwa ameacha kuandika.

"Halafu nikaja Nairobi. Watoto wa kota za reli wakanicheka kwamba sina meno. Kwa hivyo nimechekwa kwa kuwa nayo, na nimechekwa kwa kuyakosa." Akanielekezea kidevu, mimi niliyekuwa bado nimeshika zile ndoano, mate yakinitiririka. "Huyu mfanye kila mnachojua. Msimng'oe. Yangu hayakurudi."

Daktari alisema, "Tumesikia, mama." Akavaa glavu.

Baada ya hapo Dani hakunirudisha Kibera. Alisema kwetu kuna kelele, akanichukua Gatina mpaka shule zifunguliwe. Alinipikia uji wa wimbi na viazi vilivyopondwa na supu ya omena aliyoichuja mpaka haina mfupa. Kila nikimaliza kula alisimama na kikombe cha maji ya chumvi kama askari wa gereza. Asubuhi, kabla ya salamu, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Iko?"

"Iko."

Ndiyo ikawa salamu yetu. Wapangaji wa ploti nao wakaichukua. Nikienda kuchota maji, mtu ambaye simjui vizuri ananiuliza iko, nami najibu iko, mkono mdomoni.

Ijumaa ya kwanza nilijua wanakuja wale akina mama, nikaomba niende Riruta kununua kitu, chochote. Dani akakataa. Akanipa sinia ya chai, vikombe vimejaa hadi ukingoni, akasema nizungushe. Nilikuwa nimefika katikati ya chumba ndipo nikaelewa. Sinia inahitaji mikono miwili.

Mama Ruth akachukua kikombe, akanitazama usoni. Akauliza kwa upole kama kile chuma kilitoka chote.

"Wamerudisha kingine," Dani akasema kutoka kitandani. "Na hiki kinashika."

Hakuna aliyekunywa.

"Mama Ruth, mimi nilitiwa chuma mdomoni kabla hujazaliwa." Akafungua mdomo, akauvuta mdomo wa chini kwa vidole vyake viwili, kama mimi na zile ndoano, akawageuzia mmoja mmoja waone. "Tumeomba pamoja humu miaka mingapi, na hakuna aliyeniombea kitoke. Mkitaka kuanza, anzeni na mimi. Mimi ndiye mkubwa."

Halafu mama mmoja mnene aliyekaa kwenye ndoo akacheka, akashindwa kujizuia, chai ikamwagika. Mama Ruth alitazama kikombe chake. Mwishowe akasema sukari imezidi. Hayo ndiyo yalikuwa maombi ya siku ile. Sisemi walinipenda kuanzia hapo. Wengine hadi leo wakinisalimia hawanitazami mdomoni. Lakini nilimaliza kuzungusha sinia.

Baada ya hapo ni kusubiri tu, na kusubiri hakuna cha kusimulia. Mvua ndefu zikaja, nikawa nafika kliniki na viatu viwili, vya matope na vya kuvaa ndani. Springi inakazwa, siku chache unakula uji, inazoeleka, unaenda tena. Waya unachoma shavu ndani. Wakikupa ile nta yao ya kufunika waya, ibane na uitumie kidogo kidogo. Usijitazame kioo kila siku, hutaona kitu. Mimi niliona kwa jambo jingine. Asubuhi moja ya baridi niliamka, nikahisi kuna kitu hakiko sawa mdomoni, nikaogopa skrubu imetoka. Nikatia kidole. Iko. Kisha nikaelewa: ulimi wangu ulikuwa na mate. Nilikuwa nimelala usiku mzima mdomo umefungwa.

Sikumwambia mtu. Nililala tena hapo nikaifungua na kuifunga midomo.

Baba hakuwahi kusema alikosea. Lakini jioni moja aliomba tochi, akatazama tena, akasema, "Hawa ni mafundi." Tangu siku hiyo akitoka kazini huleta ndizi mbivu zile laini sana, na kusema tu zimebaki.

Siku walipotoa waya na ile skrubu, daktari aliifungua kwa kifaa kama bisibisi ya saa, bila sindano, na akanipa nimpelekee Dani imefungwa kwenye pamba. Wakapiga picha ya mwisho. Nilinyosha mkono kuzipokea zile ndoano, daktari akasema hapana. "Funga mdomo tu." Nikafunga. Wakapiga. Hiyo ndiyo picha yangu ninayoipenda, na hakuna jino hata moja linaloonekana.

Usifikiri aibu inaondoka na waya. Mkono wangu bado unapanda wenyewe nikiulizwa swali darasani. Nikikutana na mtu mpya, nahesabu anatazama wapi. Na lile benchi, ule mwili uliokaa katikati yangu na Dani, nikilikumbuka naona joto usoni.

Lakini jioni ile niliporudi kutoka kliniki Mama alikuwa barazani anamalizia shati la mtu. Aliniona. Alinisogezea ukingo wa shati, uzi ukining'inia.

"Kata hapo."

Nikatafuta makasi. Hayakuwa mezani, hayakuwa kwenye droo ya cherehani. Halafu nikaona mpini wake unatokeza chini ya paja la Mama. Alikuwa ameyakalia.

Niliinama. Meno yakakutana, uzi ukakatika kwa sauti ndogo sana.

Mama akaichukua nguo, akaendelea kukanyaga cherehani haraka haraka, kichwa chini. Kesho yake ilibidi afumue kola yote ya lile shati. Alikuwa ameishona ndani nje.